Raha ya maji bila kununua mtumbwi

Na Mwandishi Wetu

KILA kiangazi, tumbaku ikishapimwa na malipo kuanza kuingia, Tabora hujaa mipango. Wapo wanaoezeka nyumba kwa bati, wapo wanaonunua pikipiki, na wapo wachache ambao hukumbuka kuwa mwaka mzima hawakupumzika hata siku moja. Hao ndio utawasikia wakisema wanataka mtumbwi wao wenyewe, wauweke Bwawa la Igombe au wauache kwa jamaa Ujiji, ili siku ya mapumziko wapande na watoto na kuvuta kasia.

Wazo hilo ni zuri. Tatizo ni hilo neno “wao wenyewe”.

Mwandishi wa makala haya analijua tatizo hilo kwa kuwa lilimkuta. Miaka kadhaa iliyopita alichangishana na wenzake watatu, wakanunua mtumbwi wa gogo uliokwisha kutumika. Mwaka wa kwanza waliutumia mara tano. Mwaka wa pili mara mbili. Maji yalipopungua, mtumbwi ulibaki juu ya nchi kavu, jua likaupasua toka omo hadi tezi, kila mmoja akidhani mwenzake ameufunika kwa majani. Leo ni hori la pumba za mbuzi. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo cha hawa wanne hakikuenda hata mrama, kilikaa palepale.

Makala haya yanaeleza namna mtu wa kipato cha kawaida anavyoweza kufaidi maji bila kuingia katika hasara kama hiyo, na namna wenye mitumbwi wanavyoweza kupata fedha katika siku ambazo vyombo vyao vimelala.

Hesabu ya mwenye mtumbwi

Mtu anaponunua mtumbwi huhesabu bei ya kununulia tu. Lakini chombo cha mbao kinataka kukalafatiwa, kupakwa rangi au lami, kufunikwa wakati wa jua kali, na kulindwa usiku. Kasia huibwa, kamba huoza. Kama mwenyewe anaishi mbali, lazima amlipe mtu wa kukitazama.

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia ya kukokotoa tu, msomaji aweke bei za mahali alipo. Tuseme mtumbwi umenunuliwa kwa Sh600,000 na utadumu miaka mitano. Hiyo ni Sh120,000 kila mwaka. Ongeza Sh120,000 nyingine kwa mwaka za ulinzi na matengenezo. Jumla ni Sh240,000 kwa mwaka. Ukiutumia mara sita, kila safari imekugharimu Sh40,000.

Sasa tuseme kukodi mtumbwi pamoja na mpiga kasia kwa nusu siku ni Sh10,000. Safari sita ni Sh60,000. Umebakiwa na Sh180,000 za mbolea au ada ya shule. Kwa hesabu hiyo, mtumbwi wa kununua unaanza kulingana na wa kukodi pale tu unapoutumia mara 24 kwa mwaka, yaani mara mbili kila mwezi bila kukosa. Mkulima gani wa tumbaku anayepata siku 24 za kuvuta kasia?

Aidha kuna hesabu ya miti. Mtumbwi wa gogo unakula mti mmoja mkubwa na ulionyooka, ambao umechukua miongo mingi kukua. Zamani katika mito ya magharibi kulikuwapo pia mitumbwi ya magome, iliyotengenezwa kwa njia inayofanana na ile ya mizinga ya nyuki ya magome ambayo warina asali wa Tabora wanaifahamu vizuri. Wanajua pia matokeo yake: mti ukivuliwa gome lake lote kuuzunguka, haubaki. Misitu ya miombo inayotupa asali na nta haiwezi kumpa kila mtu mtumbwi wa starehe.

Hata misafara ilikodi

Kukodi chombo si aibu wala si jambo geni katika njia hii. Tabora, iliyojulikana kwa wasafiri wa karne ya 19 kwa jina la Kazeh, ilikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mamia ya watu walipita hapa wakiwa na pembe, nguo na shanga, na karibu wote walipofika kwenye maji walipanda vyombo vya wenyeji kwa malipo.

Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858 bila chombo chochote cha kufaa. Iliwabidi wapatane na wenyeji kwa nguo na shanga ndipo wakapata mitumbwi ya kuwapeleka kaskazini hadi Uvira. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa akitoka Tabora kumtafuta David Livingstone, alilazimika kulipa hongo na nauli ya mitumbwi ili msafara wake uvuke Mto Malagarasi. Watu walivuka salama. Punda wake mmoja, ambaye kwa jina aliitwa Simba, alivutwa majini kwa kamba na akaliwa na mamba. Novemba ya mwaka huohuo Stanley na Livingstone walizunguka upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi wa kupiga makasia, wakathibitisha kuwa Mto Rusizi unaingiza maji ziwani wala hauyatoi.

Waliotaka chombo chao wenyewe walilipa gharama kubwa. Mwaka 1874 Stanley alirudi na mashua yake, Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande ili ibebwe na wapagazi. Ilibebwa kutoka Bagamoyo hadi Ziwa Victoria, ikaja Ujiji mwaka 1876, ikaishia kutelekezwa karibu na maporomoko ya Mto Congo mwaka 1877. Wajerumani nao waliunda meli Graf von Götzen huko Papenburg mwaka 1913, wakaifungua na kuipakia katika masanduku yapatayo 5,000, wakaileta kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako iliingizwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Baadaye iliibuliwa, ikaitwa Liemba.

Serikali na wafadhili wakubwa walimudu mzigo wa namna hiyo. Sisi wengine tufuate njia ya wapagazi: tufike majini mikono mitupu na nauli mfukoni.

Mitumbwi inayolala

Jambo ambalo wakazi wengi wa Tabora hawalijui ni kuwa mitumbwi na maboti ya Ziwa Tanganyika huwa na siku zake za kulala. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake hutawanya samaki na taa hazifai kitu. Kwa hiyo kila mwezi huwa kuna siku saba hadi kumi ambazo wavuvi wengi hutengeneza nyavu na kupumzika, na vyombo vimepangwa ufukweni.

Hizo ndizo siku za kwenda. Nahodha ambaye jana alikuwa hana nafasi ya kukusikiliza, leo atakaa chini mpatane. Tazama kalenda kabla ya kukata tiketi ya treni, na upange ufike Kigoma siku mbili au tatu kabla ya mwezi mpevu.

Kipo pia kipindi kirefu zaidi. Kwa makubaliano ya nchi nne zinazozunguka ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa familia za Ujiji, Kibirizi na vijiji vya pwani ya ziwa, hiyo ilikuwa miezi mitatu ya kutafuta riziki nyingine. Ukitazama tarehe hizo utaona kuwa ndiyo miezi ambayo mkulima wa Tabora ameuza tumbaku na shule zinafunga kwa likizo ya Juni. Mwenye fedha yuko upande mmoja wa reli, mwenye chombo yuko upande wa pili, na hawajakutana.

Njia nafuu kuliko zote ni kuchangia. Watu kumi wa ofisi moja, kwaya, chama cha msingi au kikundi cha kufa na kuzikana wanaweza kukodi boti moja yenye injini kwa siku nzima, na kila mmoja akatoa sehemu ndogo. Hapa kuchangia hakuna hatari ile ya mtumbwi wa watu wanne, kwa sababu jioni kila mtu anakwenda zake na chombo kinabaki kwa mwenyewe. Mpatane mambo manne kabla ya kuondoka: bei yote, nani analipia mafuta, saa ya kurudi, na idadi ya watu ambayo haitaongezeka hata kama amejitokeza binamu.

Asiyekuwa na kikundi asikate tamaa. Maboti ya abiria yanayokwenda vijiji vya kaskazini mwa Kigoma yapo kwa ajili ya wakazi, na nauli yake ni ya wakazi. Upande huo ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyotangazwa mwaka 1968 na kujulikana duniani kwa utafiti wa sokwe ulioanzishwa na Jane Goodall mwaka 1960. Gombe haifikiki kwa gari, hufikiwa kwa njia ya maji tu. Hata kama hutaingia hifadhini, safari yenyewe kando ya milima ile inatosha kuwa matembezi.

Chombo kinachoingia kwenye begi

Kwa anayetaka lazima awe na kitu chake, kuna boti za kujaza upepo na kayaki za aina hiyohiyo. Hizi hukunjwa, zikaingia kwenye begi na kupanda treni pamoja na mwenyewe. Nyumbani hukaa stoo, hazihitaji mlinzi.

Lakini si kila mpira unaoelea ni boti. Vile vya watoto vya kuchezea kwenye bwawa la hoteli visipelekwe ziwani kamwe. Boti ya kweli ina vyumba kadhaa vya hewa vinavyojitegemea, ili kimoja kikitoboka vingine viendelee kukubeba. Ukipata ya mtumba, ijaze jioni nyumbani na uiache hadi asubuhi. Ikinywea, tafuta tundu kwa maji ya sabuni kabla hujatoa fedha. Kwa vidonda vidogo, nenda na viraka na gundi inayofaa aina ya mpira wake.

Usiijaze hadi mwisho asubuhi kukiwa na baridi, kwa sababu jua la mchana huipanua hewa na kuweza kufumua mishono. Miiba ya migunga ni adui yake wa kwanza, na panya wa stoo ni wa pili. Baada ya kutumika ioshwe, ikaushwe vizuri, ndipo ikunjwe. Na kubwa kuliko yote, boti hizi ni nyepesi, upepo huzichukua kama puto. Zinafaa kwenye ghuba iliyotulia, karibu na ukingo, si katikati ya ziwa.

Chelezo la mapipa

Fundi wa mtaani anaweza kutengeneza chelezo la kupumzikia kwenye bwawa dogo kwa mapipa ya plastiki, mbao na kamba. Kanuni yake ni rahisi. Pipa la lita 200 lililofungwa barabara husukumwa juu na maji kwa nguvu ya kubeba kilo 200 hivi. Mapipa manne ni kilo 800. Tumia nusu tu ya uwezo huo, yaani kilo 400, ili chelezo likae juu ya maji na lisipinduke upesi. Ondoa uzito wa mapipa, mbao na kamba, tuseme kilo 120. Zimebaki kilo 280, ambazo ni watu wazima wanne wa kilo 70. Wa tano asubiri zamu yake.

Mapipa yafungwe pembeni, siyo katikati, ili chelezo liwe pana. Lifungwe pia kwa kamba ndefu kwenye mti au kigingi ukingoni, lisije likaondoka na upepo.

Onyo kwa wakulima wa tumbaku: msitumie vyombo vilivyokuwa na viuatilifu, hata vikioshwa mara kumi. Sumu iliyobaki itaingia majini, na maji hayo yananywewa na mifugo na watu. Tumia madumu ya mafuta ya kula. Dumu moja la lita 20 hubeba kilo 20 hivi, na hesabu ni ileile.

Kwamba plastiki iliyotupwa inaweza kuwa chombo si hadithi. Mwaka 2018 huko Lamu, Kenya, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini jahazi liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki taka na kandambili zilizookotwa. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Hata hivyo lile ni kazi ya mafundi wa majahazi. Chelezo la mapipa lisitoke bwawani.

Mahali pa kwenda

Bwawa la Igombe ndilo lililo karibu na mji wa Tabora. Lilijengwa kwa ajili ya maji ya mji, kwa hiyo mwenye nia ya kuelea hapo aanze kwa kuomba ruhusa kwa mamlaka ya maji, na asifikirie injini, sabuni wala taka. Kwenye malambo ya vijiji, serikali ya kijiji ndiyo ya kuulizwa.

Mto Ugalla unavutia, lakini eneo lake lilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Huingiwa kwa kibali na kiingilio, na ukiwa na mwongozaji. Lina viboko na mamba wa kutosha. Ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, iliyoandikishwa mwaka 2000 kuwa ya kwanza nchini chini ya Mkataba wa Ramsar, nayo ni mahali pa kupita na mwenyeji, si pa kujaribia boti mpya. Mkumbuke punda Simba.

Roho ni moja

Unafuu wa bei usiwe wa kununulia kifo. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaza kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 220 wakafa. Vile vilikuwa vyombo vikubwa vya chuma. Mtumbwi uliojazwa hauna la kujitetea.

Kwa hiyo usipande kama hakuna jaketi okozi kwa kila mtu, watoto wakiwa na saizi yao. Jaketi livaliwe, lisikaliwe. Chombo kinachobeba abiria kwa malipo kinatakiwa kiwe kimekaguliwa na kupewa leseni. Kazi hiyo iko kwa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoanza mwaka 2018. Kuomba kuona cheti si kumtukana nahodha.

Katika miezi ya kiangazi upepo wa kusi huchafua Ziwa Tanganyika. Ondoka alfajiri, rudi kabla hali haijabadilika, na nahodha akisema leo hapana, mshukuru. Kwenye maji yaliyotulia yenye majani kuna hatari ya kichocho. Epuka kuoga hapo, na ukiona damu kwenye mkojo nenda kituo cha afya, dawa ipo.

Fursa kwa wenye vyombo

Wavuvi nao wana lao la kufanya. Mgeni kutoka Tabora akifika ufukweni leo hajui amwulize nani, bei hupangwa kwa kumtazama viatu, na jaketi hakuna. Mtu huyo hatarudi.

Kikundi cha wavuvi watano au sita kinaweza kubadili hali hiyo kwa mtaji mdogo. Wateue mitumbwi miwili mizima, waioshe iondoke harufu ya dagaa, waweke viti vya mbao, wanunue majaketi kumi, wapate ukaguzi na leseni, kisha waandike bei kwenye ubao mahali panapoonekana: saa moja, nusu siku, siku nzima. Wamweke mtu mmoja wa kupokea simu. Baada ya hapo watangaze Tabora, kwenye vyama vya msingi vya tumbaku na shuleni, kabla ya malipo na kabla ya likizo.

Fedha hiyo haitashinda ya dagaa. Lakini katika siku za mwezi mpevu, na katika miezi ambayo uvuvi utakuwa umefungwa, tofauti kati ya kidogo na sifuri ni chakula cha watoto. Na mvuvi mwenye kipato kingine hatashawishika kuingia ziwani kwa kujificha wakati samaki wanazaliana.

Msomaji unayepanga kununua mtumbwi msimu huu, chukua kalenda na uweke alama kwenye siku ambazo kwa hakika utakuwa majini. Zikifika 24, nunua na uutunze. Zikiwa sita, mpigie simu jamaa yako wa Ujiji, umwulize mwezi mpevu ni lini na nahodha mwaminifu ni nani.